Nilishika simu ya kuazima Mbezi, nikagundua namba ya mke wangu siijui

Hii ilinikuta mwaka jana natoka Moro na basi la jioni, njia nzima naangalia video za vichekesho, tunafika Chalinze chaji imebaki asilimia 9, nikajiambia itafika tu. Haikufika. Nashuka stendi ya Mbezi saa tatu usiku simu imezima na mfukoni nina mia tano, maana siku hizi hela yote inakaa kwenye simu. Dada mmoja anayeuza maji akaniona nahangaika, akanipa kiswaswadu chake, "Kaka piga, vocha ipo." Nikabonyeza sifuri, nikabonyeza saba, nikaishia hapo.

Miaka sita ya ndoa jamani, nampigia kila siku, na kichwani hamna kitu, kuna jina tu na kapicha kake. Ya kaka yangu siijui, ya bosi siijui. Yule dada akaanza kuniangalia kama tapeli anayetafuta upenyo wa kukimbia na simu ya watu. Namba pekee iliyokuja ni ya mama, kwa sababu 2008 nilikuwa fomu wani bweni, simu marufuku, ukitaka kuongea na nyumbani unaazima ya patroni kwa hiyo namba lazima uwe nayo kichwani kama tebo. Mama akapokea huko Tanga na sauti ya usingizi, nikamweleza, kimya kidogo, halafu "Yaani mkeo, mwanangu, namba yake huijui?" Nikamsikia anatafuta miwani, anafungua lile daftari lake alilolivalisha gamba la kalenda, akanisomea tarakimu mbili mbili. Bi mkubwa anayo namba ya mke wangu, mimi mwenye mke sina.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusomasoma. Kumbe 2011 Betsy Sparrow wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na wenzake walishaonyesha kwamba mtu akiandika kitu kwenye kompyuta akijua kitahifadhiwa, anakikumbuka kidogo kuliko yule aliyeambiwa kitafutwa. Ubongo ukijua kuna mchukuzi unatua mzigo. Sawa, kwa namba naelewa, ila nikajiuliza ni kipi kingine nimekitua bila kujua, na jibu lilikuja kinyozi.

Rafiki yangu alifiwa na baba yake. Anakaa Tabata, mimi nakaa Tabata, ni mitaa miwili. Niliona taarifa kwenye group nikiwa kazini, nikakopi pole ya mtu wa juu yangu, nikapesti, nikatuma elfu ishirini ya rambirambi, tiki zikawa za bluu, nikaridhika kabisa kwamba msiba nimeshiriki. Wiki tatu baadaye tunakutana kinyozi, ananiambia taratibu tu, "Nilikuangalia kwenye turubai, sikukuona." Nikamjibu si nilituma pole kwenye group? Akasema "Ee, niliisoma." Nikarudi kuitafuta, nikaikuta chini kabisa ya mapole mengine, inaisha hivi: mimi na familia yangu hapa Dodoma. Dodoma! Nilikopi bila hata kusoma.

Kwa hiyo ushauri wangu si kukwambia utupe simu, hata mimi siwezi, kazi iko humo na hela iko humo. Nilichofanya ni hivi, nimefuta majina ya watu watano kwenye simu: mke, kaka, shemeji, jirani na huyo rafiki. Nikitaka kuwapigia nabonyeza namba yote, wakipiga naona tarakimu tu, mwezi wa kwanza ilikuwa tabu, mke wangu alinuna siku nilipopokea nikamuuliza nani mwenzangu.

Usiku simu inalala sebuleni, saa ya alamu nilinunua Kariakoo, inapiga kelele ya ajabu ila inaamsha. Na nikifanya hesabu za duka naipeleka chumba kingine. Hilo nililitoa kwenye utafiti wa 2017 wa Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, Marekani, na wenzake, kwamba simu ikiwa mezani tu, hata imelazwa kifudifudi, inakula sehemu ya akili. Wapo waliourudia hawakupata majibu yaleyale, kwa hiyo usiusome kama msahafu, jaribu mwenyewe. Mimi hesabu zilizokuwa zinanichukua mpaka saa sita sasa namaliza saa nne, na sirudii mstari mmoja mara tatu.

Misiba naenda. Nikishindwa kwenda napiga, naongea, hata kama sijui la kusema, na mara nyingi sijui la kusema.

Namba nne sasa ninazo vizuri. Ya shemeji ndio bado inanisumbua, zile mbili za mwisho nazigeuza, kwa hiyo nimeshampigia mama mmoja wa Singida mara tatu kwa makosa. Mara ya kwanza alikata. Juzi alipokea akicheka, "Shemeji yako hajambo?", tukaongea mpaka bei ya alizeti huko kwao.