Mwulize Mwalimu wa Shabaha: Bastola ina makao mawili tu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu bastola ya kujilinda: ipi ninunue, niivae vipi, niiweke wapi. Nimejibu sita. Ninajibu kama ninavyojibu uwanjani, ambako nimefundisha watu kulenga shabaha kwa miaka 22. Habari za leseni, nani anaruhusiwa kubeba na aingie nayo wapi, soma sheria ya nchi yako kwanza, kisha urudi kwangu.

*Shikamoo Mwalimu. Nafunga biashara usiku na natembea na pesa za mauzo. Leseni ninayo. Muuzaji ananishauri nichukue kabastola kadogo ka kike kanakoingia kwenye mkoba. Mume wangu anataka nichukue kubwa. Nimsikilize nani?*
Mfanyabiashara

Marahaba, mdogo wangu. Wote wawili wasubiri, usikilize mkono wako kwanza.

Hiyo inayoitwa ya kike nimeshaiona ikiwatesa wanawake wengi. Mara nyingi ni rivolva, bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, nyepesi, ya risasi tano, mtutu mfupi kama kidole, uzito gramu mia nne na kitu. Bastola nyepesi inapiga teke zaidi, kwa sababu hakuna uzito wa kulimeza teke lenyewe. Halafu kifyatulio chake kinataka nguvu ya kilo tano hivi, na bastola nzima haifiki nusu kilo. Ukivuta, badala ya kifyatulio kuja, bastola yote inayumba. Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi, mama mwenye mwili mdogo, aliyekuja na ya namna hiyo mpya kabisa. Alipiga tano, akaiweka mezani, akawa anakung'uta mkono, na ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imekuwa nyekundu. Nikampa ya wastani ya milimita 9, gramu mia sita bila risasi. Akamaliza magazini nzima, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, akaomba nyingine.

Usihangaike kutafuta risasi kubwa kuliko ya .38 Special ya rivolva au ya milimita 9. Ya .38 Special ipo tangu 1898, na ya milimita 9 tangu 1902. Zote zimejaribiwa kupita kiasi. Kinachowashinda watu wengi ni kupiga ya pili mahali ilipopiga ya kwanza, na hilo unaliweza kwa bastola inayokutosha.

Kujua kama inakutosha, ishike ikiwa tupu, baada ya wewe mwenyewe kuhakikisha kwa macho kwamba ni tupu, na uielekeze mahali salama. Mtutu ukae mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila wewe kuuzungusha mpini. Kisha jaribu sleidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma. Ikikushinda, usikate tamaa haraka. Wengi huibana kwa vidole viwili kama wanafungua chupa. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukiangalia mbele, uikamate sleidi kwa juu na vidole vyote vinne, kisha *usukume* mpini mbele kwa mkono wa pili. Nimeona wanawake waliokuja wakisema "sina nguvu" wakiivuta siku hiyo hiyo. Mwisho, omba kupiga risasi 50 kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, tafuta uwanja unaokodisha.

Mkoba sikubaliani nao hata kidogo. Mwizi akipora mkoba amepora na bastola. Na mkoba huwekwa chini, huachwa kwenye kiti, hufunguliwa na watoto. Mwaka 2014 dukani huko Idaho, Marekani, mtoto wa miaka 2 aliitoa bastola kwenye mkoba wa mama yake, ikafyatuka, mama akafa palepale. Alikuwa na kibali, na ule mkoba ulikuwa na mfuko maalumu wa bastola. Vaa mwilini, mdogo wangu. Nguo zikikataa, badilisha nguo.

*Mwalimu, bastola yangu nailaza chini ya mto, imejaa risasi. Mwanangu wa miaka saba nimemwonya na ni mtoto msikivu. Mke wangu hanipi raha juu ya jambo hili. Nimweleze nini?*
Baba wa Mmoja

Mweleze kwamba yeye ndiye anayesema kweli, kisha nenda kanunue sefu.

Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, walichapisha jaribio lao. Waliwaingiza wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wawili au watatu kwa pamoja, katika chumba ambacho ndani ya droo kulikuwa na bastola halisi isiyo na risasi. Walioikuta walikuwa 48. Kati ya hao, 30 waliishika, na 16 walivuta kifyatulio kwa nguvu ya kutosha kufyatua. Karibu wote walioishika walikuwa wameshafundishwa usalama wa silaha. Walikuwa wasikivu kama wako.

Kwangu bastola ina makao mawili tu: mwilini mwako ukiwa macho, au ndani ya sefu iliyofungwa. Chini ya mto, juu ya kabati, nyuma ya vitabu, ndani ya gari, hayo yote ni maficho, na hakuna mtu anayeyajua maficho ya nyumba kama mtoto anayeishi humo. Wewe ukilala huijui iko wapi. Mkono unaosukuma mto ni huo huo unaoweza kuingia kwenye kifyatulio.

Sefu ya kando ya kitanda iwe ya chuma, imefungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, ya vitufe vinavyopapasika gizani. Betri zibadilishe kabla hazijaisha. Ule ufunguo wa akiba usiuweke nyumbani. Wanafunzi wangu huwa nawafunga kitambaa machoni wafungue, wakiwa na bastola tupu, mara kumi kila wiki. Baada ya mwezi, sekunde nne au tano zinawatosha. Hofu yako ya "nitachelewa" inaondolewa na mazoezi hayo.

Na sasa nikuambie yangu, maana kuingiza na kutoa silaha kwenye sefu nako kuna hatari yake. Mwaka wangu wa tisa wa kufundisha nilirudi usiku nimechoka, simu inaita. Nikavuta sleidi, risasi ikaruka kitandani, nikaiona kwa macho yangu. Kisha nikachomoa magazini. Nilikuwa nimegeuza mpangilio: sleidi iliporudi ilikuwa imeshaokota risasi nyingine kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba, ile nafasi nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Bastola yangu ni ya aina ambayo lazima uvute kifyatulio kabla ya kuifungua kuisafisha. Nikavuta. Risasi ikaingia kwenye ukuta wa matofali, shubiri moja tu kutoka dirishani. Masikio yalilia mpaka asubuhi. Nje ya dirisha lile ndipo mama yangu alipokuwa akikaa jioni. Kilichotuokoa ni mtutu kuwa umeelekea ukutani, basi. Tundu nimeliacha, sikuliziba. Tangu siku hiyo natoa magazini kwanza, navuta sleidi mara tatu, naangalia chemba, kisha naingiza kidole kidogo nihisi utupu wake. Simu iite mpaka ichoke.

*Mwalimu, nimeanza kubeba. Naichomeka kiunoni ndani ya suruali, bila kitu chochote. Je, inafaa? Na risasi iwe kwenye chemba au la?*
Kijana wa Zamu

Hapana, haifai, mwanangu. Inateleza, itaanguka, na mtu akitaka kuidaka huwa anadaka kifyatulio. Nunua holsta, yaani ala ya bastola, iwe ngumu, iliyotengenezwa kwa ajili ya bastola yako hasa, inayofunika kifyatulio chote, ambayo mdomo wake haulegei bastola ikitoka. Na mkanda mgumu, kwa sababu holsta nzuri kwenye mkanda laini ni kazi bure. Ajali nyingi za wabebaji hutokea wakati wa *kurudisha*, siyo kutoa: kamba ya koti au pindo la shati linaingia kwenye kifyatulio, mtu anasukuma, inafyatuka. Kutoa fanya haraka ukitaka. Kurudisha ni polepole, ukiangalia, nguo umeiinua, kidole kimenyooka pembeni. Hakuna anayekukimbiza wakati huo.

Kuhusu chemba, bastola nyingi za kisasa zilizo nzima zina kizuizi cha ndani kinachoshika pini isigonge risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Za zamani nyingi hazina, na hizo usizibebe na risasi kwenye chemba. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu anamaliza mita 6 na kitu kwa sekunde moja na nusu hivi. Muda huo ni mfupi mno kutoa bastola na kuvuta sleidi, kwa hiyo ninawaelewa wanaobeba chemba ikiwa na risasi. Lakini wewe ndiyo kwanza umeanza, na mpaka jana hukuwa na holsta. Miezi mitatu ya kwanza chemba iwe tupu, fanya mazoezi ya kutoa na kurudisha na bastola isiyo na risasi hata moja, risasi zikiwa chumba kingine. Baada ya hapo, wewe na mwalimu wako mwamue.

*Nikifyatua hewani kuwatisha, kuna ubaya?*
Msomaji

Upo. Risasi inayopanda inashuka, na inashuka juu ya paa la mtu. Tena kisheria, sehemu nyingi, kufyatua ni kutumia silaha, hata kama hukumlenga mtu. Kama hatari haijafika kiasi cha kumfyatulia aliye mbele yako, haijafika kiasi cha kufyatua kabisa.

*Nina miaka 67. Nikisikia kishindo usiku ndani ya nyumba, nitoke nikiwa nimeishika au nimsubiri mlangoni?*
Babu wa Wajukuu Wanne

Shikamoo mzee wangu. Usitoke. Aliyeko sebuleni gizani anakuona mlangoni kabla hujamwona, na huenda wako watatu. Kusanya watu wako chumba kimoja, funga mlango, piga simu polisi, useme wazi kwamba uko chumba gani na una silaha. Kaa kwenye kona, siyo mkabala na mlango. Polisi wakifika, bastola iwe chini, mikono ionekane.

Tochi ni muhimu kama bastola yenyewe, na uwe nayo mkononi mbali na silaha, usilazimike kumwelekezea mtu mtutu ili umwone uso. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima kama wewe, alisikia kitasa kikizunguka saa tisa usiku. Akamulika. Alikuwa mwanawe, amerudi safari siku moja kabla hajategemewa, anavua viatu taratibu asiwaamshe. Yule mzee alinisimulia akiwa ameshika tochi ile ile, na akashindwa kumaliza.

Ukuta nao uufikirie. Risasi ya bastola inapita mlango wa mbao na ukuta wa jasi kisha inaendelea. Baada ya mapambano ya risasi ya Miami, Marekani, ya 1986, ambapo maajenti wawili wa FBI, shirika la upelelezi la huko, waliuawa, shirika hilo lilianza kudai risasi iingie sentimita 30 hadi 46 kwenye jeli ya majaribio inayoiga nyama ya mwili. Zile zenye tundu mbele hutanuka zikigonga na hupunguza kasi, lakini hata hizo zinapita mlango. Leo mchana, bastola ikiwa ndani ya sefu, simama kwenye kona yako, nyoosha mkono kuelekea mlangoni, uone ni kitanda cha nani kiko upande wa pili.

*Mwalimu, mume wangu amebadilika tangu apoteze kazi. Hali, hasemi, anasema tungekuwa na nafuu bila yeye. Bastola iko chumbani na namba ya sefu anaijua yeye. Naogopa hata kuuliza.*
Mke Mwenye Hofu

Dada yangu, barua yako nimeiweka mwisho, lakini ndiyo niliyoijibu kwanza, na mhariri alikutumia jibu hili siku ileile.

Muulize kwa jina la jambo lenyewe: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Humpa mlango wa kusema. Kisha bastola itoke nyumbani. Mtu aliyemeza vidonge mara nyingi huwahiwa, lakini wanaojipiga risasi, karibu tisa kati ya kumi hufa. Wengi huamua ndani ya saa chache, na saa hizo zikipita bila silaha karibu, mtu anaweza kubaki hai.

Usiishike mwenyewe kama hujafundishwa. Mwite kaka yake au rafiki anayemheshimu, waongee naye, waipeleke kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni inakoweza kutunzwa, na wakati huohuo mwingine aende naye hospitali. Akikataa katakata, au ukiona hatari ni ya usiku huu, usimwache peke yake, na upige simu ya dharura. Akikukasirikia kwa hilo, mwache akukasirikie. Bastola ataichukua tena siku daktari na wewe mtakapokubaliana, na ikiwa siku hiyo haifiki, ibaki huko huko.