Barua yangu ya kwanza iliishia kwenye sentensi moja: kupinga nyumba kwenye ukanda wa kijani

Barua yangu ya kwanza ya pingamizi, dhidi ya nyumba mpya kwenye shamba la karibu, ilikuwa kurasa tatu. Niliandika kuhusu mbwa wangu, njia tunayopita kila asubuhi, ukungu unavyolala shambani mwezi wa Oktoba, na jinsi nyumba yangu itakavyoshuka thamani. Jirani aliisoma akalengwa na machozi. Afisa mipango wa halmashauri aliimaliza kwa sentensi moja kwenye ripoti yake: mtu kupoteza mandhari ya dirishani kwake, au nyumba yake kushuka bei, si jambo la kuzingatiwa katika kutoa kibali. Nyumba zikapita. Leo ziko pale, na waliohamia humo, niseme ukweli, ni majirani wazuri.

Hiyo ilikuwa 2019. Mji wetu ni mdogo, nje kidogo ya London, na tangu hapo nimepambana na maombi mengine mawili ya kibali cha ujenzi. Kwa hiyo kama juzi umeona tangazo limefungwa kwenye nguzo ya taa karibu na shamba la jirani, soma tarehe kwanza. Kwa kawaida una siku 21 za kutoa maoni, na wiki ya kwanza huishia kwenye kulalamika tu. Sisi iliisha hivyo.

Kosa letu kubwa la 2019 hata hivyo halikuwa barua. Shamba lile lilikuwa limeshaondolewa kwenye ukanda wa kijani, yaani ardhi kuzunguka mji ambayo sera huilinda isijengwe ovyo, miaka kadhaa nyuma, halmashauri ilipopitisha mpango wake wa maendeleo. Kulikuwa na mikutano, kulikuwa na ramani kwenye maktaba, na sikwenda hata siku moja kwa sababu jina lenyewe la waraka lilinitia usingizi. Mipaka ya ukanda huhamishwa kupitia mpango huo, mbele ya mkaguzi wa serikali, na baada ya hapo unabaki kubishana kuhusu vichochoro na rangi ya matofali. Halmashauri yenu ikitangaza kwamba inapitia mpango upya, nenda. Nenda hata kama hakuna shamba linalotajwa karibu nawe.

Jambo la pili lililonichukua muda kulielewa: ukanda wa kijani hauko pale kwa ajili ya uzuri. Waziri Duncan Sandys alipozihimiza halmashauri mwaka 1955 zitenge kanda hizi, hoja ilikuwa kuuzuia mji usitambae ovyo. Sasa zinafunika takriban asilimia 12 na nusu ya ardhi ya England, na ndani yake kuna viwanja vya gofu, mazizi ya farasi na mashamba yaliyojaa magugu. Kinacholindwa ni uwazi. Sera ya taifa ya mipango inataja makusudi matano: kuzuia miji mikubwa isitanuke bila kikomo, kuzuia miji jirani isiungane, kulinda mashambani yasimegwe, kutunza mazingira ya miji ya kihistoria, na kusukuma ujenzi urudi kwenye viwanja vilivyotelekezwa mjini. Barua isiyogusa hata moja kati ya hayo ni shairi.

Ombi la pili lilikuja 2022, nyumba 90 kwenye shamba lililo kati yetu na mji unaofuata. Safari hii tulichora ramani. Pengo kati ya miji miwili lilikuwa kama kilomita moja, na ujenzi ungekula karibu nusu yake. Ramani ile moja ilifanya kazi kuliko barua zote. Kamati ya mipango ikakataa, mwendelezaji, yaani anayetaka kujenga, akakata rufaa, na mkaguzi akaja kutembea shambani. Tulimfuata kwenye tope tukiwa tumefumba midomo, maana siku ya ukaguzi huruhusiwi kumweleza hoja, unaweza tu kumwonyesha kitu kilipo. Kimya kile kilinishinda kuliko kikao chenyewe. Rufaa ilitupwa.

Kuhusu saini: tulikusanya nyingi sana mara ya kwanza, na waraka wa pamoja wenye mamia ya saini mara nyingi hupokewa kama hoja moja iliyorudiwa. Afadhali watu ishirini waandike kila mmoja kwa maneno yake, huyu kuhusu mafuriko, yule kuhusu barabara isiyo na njia ya miguu kwenda shule. Mtafute diwani wako mapema. Ukipewa dakika tatu za kuzungumza mbele ya kamati, zitumie kwa jambo moja. Na usiguse aina ya watu watakaohamia. Nimesikia mzee mmoja akifanya hivyo ukumbini. Nilitamani kiti kinimeze, hasa mimi mwenye lafudhi hii.

Sasa kuna ugumu mpya. Tangu Desemba 2024 sera inatambua "ukanda wa kijivu": ardhi iliyo ndani ya ukanda wa kijani lakini isiyochangia kwa nguvu katika kuzuia mji mkubwa kutanuka, miji kuungana, au kulinda mji wa kihistoria. Angalia kilichoachwa nje: kulinda mashambani. Ukiandika kurasa kumi kuhusu mashamba kumegwa, hujagusa swali la ukanda wa kijivu. Ombi la tatu linaegemea hapo hapo, na linaahidi sehemu kubwa ya nyumba za bei nafuu. Hoja hiyo siwezi kuibeza. Binti yangu anapanga chumba, na kwa mshahara wake hanunui nyumba hapa.

Kwa hiyo barua yangu ya safari hii ina ukurasa mmoja na nusu. Inaanza na pengo, inasema kwa nini mchango wake ni mkubwa, kisha inataja kiwanja cha karakana ya zamani karibu na stesheni ambacho kingebeba sehemu ya nyumba hizo. Mbwa hayumo.

Kamati inakaa mwezi ujao. Wakikataa, mwendelezaji ana haki ya rufaa. Wakikubali, sisi wakazi hatuna. Kinachobaki ni kuomba mahakama ipitie kama sheria ilifuatwa, ndani ya wiki sita, na wakili huanza kuhesabu fedha tangu simu ya kwanza. Tumeshafungua akaunti ya michango, kwa tahadhari.