Kuwatambua wadudu warukaji wa majani na vinondo wadogo: uzoefu wangu hapa Dar

Mkuu, umetuma picha ukauliza mdudu wa kijani mwenye milia ya chungwa kwenye matembele yako anaitwaje, pamoja na vinondo wanaojaa ukutani taa ikiwashwa. Mwaka wa nne huu nawapiga picha hapa Mbezi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Rangi iache kwanza. Mwanzoni nilimpa mmoja wangu jina la Graphocephala coccinea kwa sababu programu ya simu ilinionyesha picha iliyofanana naye, nyekundu na bluu. Mjuzi mmoja akanisahihisha: yule ni wa Amerika, huku hayupo. Tangu siku ile naanza na mguu wa nyuma. Familia ya Cicadellidae, yaani warukaji wa majani, yenye spishi zaidi ya 20,000 zilizokwishaelezwa, ina safu za vijiba vidogo kwenye mguu huo, vimepangana kama meno ya kitana. Ndugu zao ambao watoto wao hukaa ndani ya povu kama mate wana mwiba mmoja au miwili minene tu. Na mwenendo wa mrukaji wa majani pia unasema: ukimsogelea hakimbilii mbele, anatembea kiubavu kama kaa hadi nyuma ya kikonyo, ukizunguka naye anazunguka. Kwa hiyo mkono mmoja uwe upande wa pili wa jani, atarudi mwenyewe mbele ya lenzi.

Wasiokuwa na mabawa kamili mara nyingi ni watoto, usiwahangaikie kwa jina la spishi. Ila kwa wakulima kundi hili si la mapambo: Cicadulina mbila ndiye anayesambaza virusi vya michirizi ya mahindi.

Vinondo mimi huwatambua kwa wanavyotua. Anayenyoosha mabawa membamba pembeni kama herufi T ni wa familia ya Pterophoridae. Wale wanaoyakunja mabawa mwilini kama kijiti, wenye kama mdomo mrefu mbele, mara nyingi ni nondo wa nyasi. Usiwashike, vumbi la mabawa likitoka alama zimekwenda.

Na kile kifuko bapa cha kijivu kinachoganda ukutani kama mbegu ya boga, ambacho wengi tunakifagia, ni nyumba ya kiwavi wa familia ya Tineidae. Siku moja nilichuchumaa kumwangalia: akatoa kichwa na miguu ya mbele, akaburuta nyumba yake kidogo, akatulia, kisha akageuka humo humo ndani na kuchungulia mwisho wa pili. Chakula chake ni nywele, sufu na utando wa buibui, kwa hiyo nyumba zetu zinamtosha.

Wengi wa vinondo hawa hawatofautishwi kwa picha, mpaka mtaalamu awapasue na kuangalia viungo vya uzazi. Mimi nikifika kwenye familia naandika familia, naweka tarehe na mahali, napandisha iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua.

Wako huyu picha inaonyesha mgongo tu. Mpige tena ubavuni, asubuhi kabla jua halijapanda, miguu ya nyuma ionekane, na uweke karatasi ya grafu pembeni tujue urefu wake. Nitaitazama.