Kufuatilia Hoki ya Barafuni Baa: Namna ya Kupanga Bia na Chakula Bila Kukosa Bao

Hoki ya barafuni haimsubiri mtazamaji. Paki, yaani kile kijisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito usiozidi gramu 170, hugandishwa kabla ya mechi ili isidundedunde juu ya barafu, na mkwaju mzito wa mchezaji wa kulipwa huirusha kwa kasi inayopita kilomita 150 kwa saa. Wachezaji hubadilishana huku mchezo ukiendelea, kila kundi likikaa uwanjani kwa muda usiofika dakika moja. Ukiinamia orodha ya bia ili usome maelezo ya aina mpya, utainua kichwa ukute watu wa meza ya jirani wamesimama wanashangilia, nawe hujui nani kafunga. Kwa kuwa napenda mchezo huu na napenda pia bia za viwanda vidogo, nimejizoeza kuiachia mechi yenyewe ipange ratiba ya glasi na sahani, na ndivyo ninavyomshauri yeyote anayetaka kufaidi vyote viwili kwa wakati mmoja.

Ratiba hiyo ni rahisi kuikariri. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na kwa sababu saa husimamishwa kila filimbi inapopulizwa, dakika hizo 60 huchukua takribani saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Katika NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani na Kanada, kila mapumziko kati ya vipindi huwa ya dakika 18, muda unaotosha kabisa kula sahani ya moto, ila tu iwe imeshafika mezani. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa maana king'ora kikilia baa nzima huinuka pamoja kuelekea kaunta, jiko huelemewa, na chakula ulichoagiza wakati wa mapumziko hukufikia paki ikiwa imekwisha kurushwa upya. Mimi humwita mhudumu zikiwa zimebaki dakika tano hivi za mchezo, na zaidi ya hapo husubiri yale mapumziko mafupi ya matangazo, ambayo katika NHL huja mara tatu kila kipindi. Huhitaji kutazama saa ili kuyatambua: ukiwaona vijana wenye makoleo wameteleza kuingia uwanjani kukwangua theluji iliyorundikana mbele ya magoli, hapo una muda wa kwenda kaunta na kurudi. Wakati ambao mtu hapaswi kuinuka kabisa ni timu moja inapotumikia adhabu ya dakika mbili ikiwa na mchezaji pungufu, kwa kuwa mabao mengi huzaliwa hapo.

Katika kuchagua baa, natanguliza skrini kuliko mabomba ya bia. Najua wapenzi wa bia watanipinga, lakini paki ni ndogo na nyeusi, na kwenye luninga ndogo iliyotundikwa pembeni huwezi kuifuata hata ukikaza macho. Isitoshe, hoki na bia za viwanda vikubwa ni marafiki wa siku nyingi: familia ya Molson, ambayo kiwanda chake kilianza mjini Montreal mwaka 1786, iliinunua timu ya Montreal Canadiens mwaka 1957. Kwa hiyo usishangae ukiikuta baa yenye skrini nzuri kuliko zote ikiuza bia zilezile unazoziona kwenye matangazo ya ukingo wa uwanja, pamoja na bomba moja au mawili tu ya kiwanda kidogo. Bomba moja lenye bia nzuri linatosha.

Tena neno "kidogo" lisikupoteze. Kwa mujibu wa chama cha watengenezaji bia cha Marekani, Brewers Association, kiwanda huhesabiwa kuwa kidogo hadi kifikie mapipa milioni 6 kwa mwaka, mradi kampuni kubwa ya vileo isimiliki robo yake au zaidi. Unachopaswa kukiangalia ni ubichi wa bia. Harufu ya hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu na manukato ya machungwa au majani, hupotea kadiri wiki zinavyopita, hasa bia isipohifadhiwa kwenye baridi. Hivyo ukiletewa kopo la IPA, yaani bia yenye hopi nyingi, ligeuze usome tarehe ya kufungashwa chini yake. Likiwa na umri wa miezi mingi, chagua aina nyingine. Kwa bia ya bomba, tazama glasi. Mapovu yakiwa yamenata kwenye kuta za ndani, chini ya usawa wa bia, glasi haikuoshwa vizuri, ilhali glasi safi huachiwa mistari ya povu kila unapopiga funda. Mimi hurudisha glasi chafu bila aibu, kwa sauti ya chini na kwa adabu.

Mpangilio wa bia unapaswa kwenda kutoka nyepesi hadi nzito. Kipindi cha kwanza hukianza na pilsner, bia ya dhahabu ambayo Josef Groll aliitengeneza kwa mara ya kwanza mjini Plzeň mwaka 1842. Ina uchungu msafi usiobaki mdomoni, na unaweza kuinywa bila kuifikiria sana, jambo ambalo ndilo unalolihitaji wakati macho yamo uwanjani. Ukianza na IPA kali ulimi hujaa uchungu, na pilsner itakayofuata utaiona kama maji. Kipindi cha pili ndicho cha bia yenye hopi au ya rangi ya kaharabu. Bia nyeusi aina ya stout naiweka mwisho kwa sababu ya joto lake: hunoga ikiwa na nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, ilhali baa nyingi huitoa ikiwa baridi mno. Iagize mwanzoni mwa mapumziko ya pili, iache mezani, na kipindi cha tatu kikianza itakuwa imeanza kutoa ladha ya kahawa na chokoleti iliyokuwa imefichwa na baridi.

Soma pia kiwango cha kileo, kwani katika viwanda vidogo hutofautiana mno. Nusu lita ya bia ya asilimia 8 ina mililita 40 za kileo halisi, mara mbili ya ile ya asilimia 4, ingawa glasi zinafanana. Bia kali iagize kwenye glasi ndogo, na maji yasikosekane mezani.

Kuhusu chakula, swali la kwanza ni kama unaweza kukila kwa mkono mmoja bila kukitazama. Chipsi, njugu na mkate wa pretzel vinafaa wakati wa mchezo. Mabawa ya kuku yenye mchuzi wa pilipili, ambayo baa ya Anchor Bar ya mjini Buffalo hutajwa kuwa iliyaanzisha mwaka 1964, yanataka mikono miwili na rundo la tishu, kwa hiyo yangoje king'ora. Watu wengi huyaagiza pamoja na IPA kali kupindukia, nami sioni sababu ya kufanya hivyo: kileo kingi na uchungu mwingi huuzidisha moto wa pilipili hadi usionje kuku wala bia. Bia ya ngano, yenye utamu kidogo na gesi nyingi, hutuliza kinywa na kukusafishia njia ya bawa linalofuata.

Poutine, chakula kilichoanzia Quebec katika miaka ya 1950, ina masharti yake. Ni chipsi zilizotandazwa vipande vya jibini bichi na kumwagiwa mchuzi mzito wa moto, na vipande hivyo vikiwa vibichi kweli husikika vikilialia kidogo kwenye meno. Raha hiyo haidumu, kwani baada ya dakika chache chipsi hulainika na jibini huganda. Ile mara moja ifikapo, hata kama mapumziko hayajaanza. Stout huendana nayo vizuri kwa sababu uchungu wa shayiri iliyokaangwa hukata mafuta ya mchuzi. Kwa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa siki ningebaki na pilsner.

Mechi za mtoano, kuanzia Aprili hadi Juni, zinataka hesabu tofauti. Katika msimu wa kawaida sare hufuatiwa na dakika tano za nyongeza, wachezaji watatu kwa watatu, kisha mikwaju ya penalti, na kila mtu anakwenda kulala. Kwenye mtoano huongezwa vipindi vizima vya dakika 20 hadi bao lipatikane. Mwezi Machi mwaka 1936 Detroit Red Wings na Montreal Maroons walicheza dakika 116 na sekunde 30 za nyongeza kabla Mud Bruneteau hajafunga bao pekee la mechi. Mwili huchukua takribani saa nzima kumaliza kileo cha glasi moja ya kawaida, kwa hiyo vipindi vya nyongeza navitengea bia isiyo na kileo, ambayo viwanda vidogo sasa huitengeneza kwa ustadi, na gari hubaki nyumbani tangu mwanzo. Matokeo yakiwa sare dakika tano kabla ya kipindi cha tatu kwisha, agiza sahani ya mwisho palepale, kwa kuwa jiko la baa nyingi hufungwa mapema kuliko kaunta.