Anti, kucha imekuwa ngumu kama kwato

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Tabata, nafanya kazi dukani Kariakoo, kutwa nzima nimesimama na raba. Kucha ya dole gumba la mguu wa kulia ilianza na kidoa cheupe pembeni toka mwaka juzi, ikaja ikawa njano, sasa hivi imenenepa mpaka neilkata haiingii na ukiikwangua inatoa unga unga unaonuka, na ya jirani yake nayo imeanza. Nimeloweka siki, nimepaka limao na kitunguu saumu, jirani akaniambia weka jiki nikaweka ikaniunguza ngozi. Nimebaki kuficha na rangi nyeusi. Mwezi ujao mdogo wangu ana kichen pati na sare yetu inataka viatu vya wazi, naomba dawa ya nyumbani ya haraka anti, nadhalilika.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza hiyo jiki irudishe chooni ilikotoka. Siki na limao hazikuunguzi hivo ila nazo sijaona zikiponyesha kucha iliyofikia hapo, mana hiyo inaelekea ni fangasi, na wenyewe wanakaa chini ya kucha na ndani yake, wewe unamwagia maji ukutani wakati moto uko chumbani.

Alafu nikwambie mapema usije ukanilaumu: kwa kichen pati ya mwezi ujao haitakuwa imepona, hata upate dawa gani. Kucha iliyoharibika hairudi kuwa nzima, inasukumwa mbele na kucha mpya inayoota kutoka kwenye shina na wewe unaikata kidogo kidogo, na kucha ya dole gumba la mguu inaota kama milimita moja na nusu tu kwa mwezi, sasa piga hesabu, ni mwaka mpaka mwaka na nusu ndo uione mpya yote. Ndo mana watu wengi wanatumia dawa wiki tatu wanaona iko vile vile wanatupa wanasema dawa feki. Siku ya sherehe vaa kiatu cha kufunika vidole, hakuna atakayekuuliza.

Nyumbani fanya hivi. Loweka miguu maji ya uvuguvugu dakika kumi au kumi na tano, kucha ikilainika ikate moja kwa moja bila kuchimba pembeni, alafu isugue juu na tupa ya kucha ipungue unene, na hiyo tupa iwe yako peke yako. Kama ni ngumu sana uliza famasi krimu ya yurea ya asilimia 40, inalainisha. Futa katikati ya vidole mpaka pakauke kabisa, hapa wengi tunafeli, tunatoka kuoga tunaingiza mguu kwenye soksi na joto hili la Dar! Ukiona ngozi katikati ya vidole inachubuka na kuwasha, paka klotrimazo au krimu ya tabinafini, mana fangasi huwa wanaanzia hapo ndo wanahamia kwenye kucha. Ila krimu hiyo usitegemee itibu kucha yenyewe, haipenyi. Raba ziwe jozi mbili upokezane, moja inaanikwa, na soksi za pamba badilisha kila siku.

Kupona kwenyewe sasa. Kuna dawa ya kupaka kama rangi ya kucha, amorolfini, inapakwa mara moja au mbili kwa wiki kwa miezi mingi, inafaa kama kucha imeliwa kidogo. Yako naona imeshafika mbali, mara nyingi inataka vidonge, na vinavyotumika zaidi ni tabinafini miligramu 250 kimoja kwa siku kwa wiki 12. Usikimbilie kununua dirishani! Vinaweza kusumbua ini na lazima daktari ajue kama una mimba, unanyonyesha au una dawa nyingine unakunywa. Na kabla ya hapo wakwangue hiyo kucha waiangalie maabara, kwasababu karibu nusu tu ya kucha zinazoharibika ndo huwa fangasi, zingine ni kiatu kinachobana, kujigonga, au ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi, na huko vidonge vya fangasi utameza bure. Rangi uifute kabla ya kwenda.

Na wale vijana wanaopita na vikapu kupaka rangi mtaani, jamani siwachukii, ila kifaa kile kile kimetoka kwenye mguu wa mama mwingine sasa hivi. Nenda na vyako.

SWALI: Anti mzee wangu ana sukari na kucha zake ziko hivo hivo, naweza kumkatia mwenyewe? (Kijana, Mbagala)

JIBU: Usimkatie mwanangu, wala usimloweke. Mwenye sukari anaweza asisikie maumivu, ukimkata kidogo tu kinageuka kidonda kisichopona, na maji ya moto anaungua hajui. Mpeleke kliniki yake ya sukari wamwangalie miguu yote.

SWALI: Yangu sio njano, ina mstari mweusi toka chini mpaka juu, na sijajigonga popote. Nao ni fangasi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Sisi watu weusi mistari hiyo kwenye kucha ni kawaida sana, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa. Ila kama ni kidole kimoja, umetokea ghafla, unapanuka au weusi umevuka mpaka kwenye ngozi, usipake chochote, nenda kwa daktari wa ngozi, Muhimbili wapo. Mstari wa hivo unaweza kuwa saratani: Bob Marley kidonda chake cha dole gumba la mguu kilidhaniwa ni cha kucheza mpira, kumbe saratani ya ngozi, wakaigundua 1977 na 1981 akafariki ana miaka 36. Nenda wiki hii.