Jeshi la Nane, au Jeshi la Njia ya Nane?

SWALI: Msomaji wetu anayefundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Dodoma anauliza: "Ninapoandaa maelezo ya wanafunzi kuhusu vita vya China na Japani, nakutana na majina matatu ya jeshi moja: Jeshi la Nane, Jeshi la Nane la Njia, na Jeshi la Njia ya Nane. Lipi ni sahihi? Na sehemu za jeshi hilo niziiteje, maana kila nikitafuta neno naishia kuandika 'kikosi'?" Ameambatanisha sentensi moja kutoka katika maelezo yake: "Vikosi 115 vya Jeshi la Nane viliwashambulia Wajapani huko Pingxingguan mwaka 1937."

JIBU: Andika Jeshi la Njia ya Nane. Kwa Kichina jeshi hilo huitwa Balujun, yaani nane, njia, jeshi, na hesabu ya nane imeshikamana na njia, si na jeshi. Kwa bahati njema Kiswahili kina chombo cha kulionyesha hilo bila maelezo ya ziada: jeshi huchukua "la", njia huchukua "ya", hivyo anayesoma "ya nane" anajua papo hapo kinachohesabiwa ni nini. Ukiandika "Jeshi la Nane la Njia" umeihamisha hesabu na kuipachika kwenye jeshi, na neno "njia" limebaki mwishoni likining'inia, kana kwamba unawazungumzia askari wa usalama barabarani.

"Jeshi la Nane" lina kasoro nyingine, na kwa mwalimu wa historia kasoro hiyo ni nzito zaidi. Jina hilo tayari lina mwenyewe. Jeshi la Nane ni lile la Waingereza lililopigana Afrika Kaskazini na kushinda El Alamein mwaka 1942. Mwanafunzi atakayekutana na majina hayo katika mada moja ya Vita Kuu ya Pili atakuwa na kila sababu ya kumchanganya Zhu De, kamanda wa jeshi la Wachina, na Montgomery, kamanda wa lile la Waingereza.

Huenda mwalimu akauliza, njia gani hiyo? Hakuna barabara inayotajwa. Neno lu, ambalo maana yake ya kawaida ni njia, lilitumika katika majeshi ya China ya miaka ya 1920 na 1930 kama sehemu ya jina la kundi kubwa la askari, na kila kundi likapewa namba yake. Wajapani walipoushambulia mji wa Shanghai mwanzoni mwa mwaka 1932, waliosimama kuulinda walikuwa Jeshi la Njia ya 19. Kwa hiyo, Wakomunisti walipopewa namba 8 mwezi Agosti 1937 hawakuwa wakibuni jina. Waliingizwa katika daftari la majeshi ya serikali ambayo walikuwa wamepigana nayo kwa takriban miaka kumi. Vita vya Japani vilikuwa vimekwisha kulipuka tarehe 7 Julai mwaka huo karibu na daraja la Lugouqiao, nje ya mji ambao leo ni Beijing, na serikali ya Chama cha Kuomintang ilikubali kulichukua Jeshi Jekundu la Wakomunisti hao lililokuwa kaskazini-magharibi na kulifanya sehemu ya Jeshi la Mapinduzi la Taifa. Zhu De akawa kamanda wake, Peng Dehuai akawa naibu.

Linganisha na jeshi ndugu lililoundwa baadaye mwaka huohuo kutokana na wapiganaji wa Kikomunisti waliobaki kusini, ambalo kamanda wake wa kwanza alikuwa Ye Ting. Hilo ni Xinsijun, na hapo hakuna njia: nne inalihesabu jeshi lenyewe. Basi ni Jeshi Jipya la Nne, na "la" mbili zingekuwa za bure. Anayeandika "Jeshi la Njia Mpya ya Nne" kwa kufuatisha lile la kwanza anakosea kwa bidii.

Kuna jina ambalo upatanisho hautuokoi. Mwezi Septemba 1937 serikali ilibadilisha jina la Jeshi la Njia ya Nane na kuliita kundi la jeshi namba 18, ingawa wananchi, maadui na askari wenyewe waliendelea kusema Balu. Ukiandika "Kundi la Jeshi la 18", ile "la" ya mwisho inaweza kuwa ya kundi au ya jeshi, kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika ngeli moja. Msomaji anaweza kuelewa kwamba lilikuwapo jeshi la kumi na nane, na hili ni kundi lake. Mimi huandika "Kundi la 18 la Jeshi", namba ikae karibu na kinachohesabiwa. Si jina la kupendeza sana, lakini halipotoshi.

Sasa tuje kwenye kikosi. Neno hili ni zuri na halina kosa, ila ni pana mno. Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania herufi KJ, yaani kikosi cha jeshi, hufuata namba ya kituo chochote cha kijeshi, na katika magazeti askari kumi waliotumwa kuzima moto ni kikosi pia. Neno la namna hiyo halifai kubeba ngazi saba tofauti. Ngazi zenyewe zina majina ambayo wanajeshi wetu huyatumia kila siku: divisheni, brigedi, batalioni, kombania, platuni, seksheni. Linaloleta ugeni ni rejimenti, ambayo Wachina huiita tuan na kuiweka kati ya brigedi na batalioni. Ugeni huo una sababu ya kihistoria. Jeshi la Keya, lililoundwa na Waingereza mwaka 1902, lilikuwa lenyewe ni rejimenti moja yenye batalioni zenye namba, na batalioni hizo ndizo zilizowekwa pamoja kuunda brigedi. Babu zetu waliotumikia Keya walijua batalioni. Rejimenti kama ngazi ya mapigano hawakuiona. Nashauri neno "rejimenti" litumike bila aibu katika habari za China, kwa sababu tukiliruka ngazi nzima inapotea.

Jeshi la Njia ya Nane lilipoundwa lilikuwa na askari takriban 45,000 katika divisheni tatu: Divisheni ya 115 chini ya Lin Biao, Divisheni ya 120 chini ya He Long, na Divisheni ya 129 chini ya Liu Bocheng. Kila divisheni ilikuwa na brigedi mbili, na kila brigedi rejimenti mbili. Ile ya 129, kwa mfano, ilikuwa na Brigedi ya 385 yenye Rejimenti ya 769 na ya 770, na Brigedi ya 386 yenye Rejimenti ya 771 na ya 772. Namba ni kubwa kwa sababu zilitoka katika orodha ya jeshi zima la taifa. Hesabu ya jumla ni ndogo: rejimenti kumi na mbili tu.

Hapo ndipo sentensi ya mwalimu ilipoteleza. "Vikosi 115" ni idadi. "Divisheni ya 115" ni jina. Kinachotenganisha idadi na jina ni kile kiunganishi kidogo "ya", ambacho waandishi wengi hukidondosha wanapotumia tarakimu, wakiandika "Divisheni 115 ilishambulia" na kumwachia msomaji kazi ya kukisia kutokana na kitenzi. Katika maneno yenye umbo moja la umoja na wingi, kama divisheni, brigedi na rejimenti, nomino yenyewe haitoi msaada wowote. Kikosi na vikosi hutofautiana, rejimenti na rejimenti hazitofautiani.

Wapo watakaosema huku ni kutafuta kosa pasipo kosa. Wakitazame kisa cha mashambulizi yaliyoanza usiku wa tarehe 20 Agosti 1940, Peng Dehuai alipoamuru reli zilizoshikwa na Wajapani kaskazini mwa China zikatwe, hasa ile inayounganisha Shijiazhuang na Taiyuan. Mpango wa awali ulihitaji rejimenti 22. Taarifa za walioshiriki zilipokusanywa, ilionekana rejimenti 105 zimeingia vitani, na mapigano yakapewa jina la rejimenti mia. Kwa Kiswahili ni Mashambulizi ya Rejimenti Mia, bila "ya" kabla ya mia. Nimewahi kusoma "Mashambulizi ya Rejimenti ya Mia", jina linalowafanya maelfu kwa maelfu ya askari kuwa kundi moja lenye namba 100. Aidha, ukiyaita "ya Vikosi Mia", msomaji hawezi kupima ukubwa wa jambo, wala hataona kwamba jeshi lililoanza na rejimenti kumi na mbili lilikuwa limekua kiasi hicho ndani ya miaka mitatu.

Kuhusu vyeo, tumia kamanda wa divisheni, kamanda wa brigedi, na kadhalika. Yule wa upande wa chama ni kamisaa wa siasa, neno ambalo wasomaji waliokuwa jeshini Tanzania enzi za chama kimoja hawahitaji kufafanuliwa. Deng Xiaoping alishika wadhifa huo katika Divisheni ya 129 kuanzia Januari 1938.

Sentensi ya mwalimu, basi, iandikwe hivi: "Tarehe 25 Septemba 1937, Divisheni ya 115 ya Jeshi la Njia ya Nane iliwavizia Wajapani katika kipito cha milimani cha Pingxingguan." Nimeweka "iliwavizia" kwa sababu askari wa Lin Biao walijificha juu ya barabara wakausubiri msafara upite chini yao.