Kufunga injini ya 3.0 kwenye 911 T yenye Sportomatic

Ndugu yangu, umeuliza kama giaboksi ya Sportomatic (ile isiyo na pedali ya klachi) ya Porsche 911 T yako ya 1969 itahimili injini ya lita 3.0 ya 911 SC. Unaruka kutoka farasi 110 hadi 180, siyo mchezo.

Kiwanda chenyewe kiliwahi kuifunga Sportomatic nyuma ya injini ya SC, lakini ile ya gia tatu, siyo yako ya gia nne. Mimi ningetafuta hiyo ya gia tatu.

Kazi kubwa iko kwenye oili. Toki konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili) inakunywa oili ya injini, ikisukumwa na pampu inayozungushwa na kemshafti (mhimili unaofungua valvu). Injini ya SC iliyotoka kwenye gari la gia za kawaida haina pampu hiyo. Utahitaji kemshafti yenye sehemu ya kuiendesha, pampu yenyewe na tangi la oili lenye viungio vyake. Krenki (mhimili mkuu wa injini) ya SC nayo ina bolti tisa nyuma, yako ina sita, kwa hiyo sahani ya konveta haitakaa.

Klachi inavutwa na vakyumu (mfyonzo wa hewa) ya injini. Ukiweka kemshafti kali, ya kuongeza nguvu, vakyumu inashuka na klachi inachelewa kuachia. Na ukishafunga, usipumzishe mkono kwenye mti wa gia (wengi tunao ugonjwa huo). Ndani mna swichi: ukiugusa tu klachi inaachia, injini inapiga kelele bure, na kwa nguvu hizo klachi itaungua mapema.

Anza na pampu. Ukiikosa, usinunue injini.